Tusiwanyime Chakula Wagonjwa wa Saratani

Mtaa wa Tononoka hapa Mombasa una jina ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili angefurahia kulifafanua. Kutononoka ni kunawiri, kuwa na siha njema. Mtaani humo ndimo ilimo Hospitali Kuu ya Pwani, wanakotibiwa wagonjwa wa saratani, na wengi wao wako mbali mno na maana ya jina hilo. Wamekonda wakabaki mifupa.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu, lakini najua kwamba neno laweza kudhuru mwili. Miongoni mwetu umeenea usemi kwamba mgonjwa akila vizuri "anailisha saratani". Kwa sababu ya usemi huo hunyimwa nyama, mayai, maziwa, hata wali, akaachiwa maji ya mboga na mitishamba.

Yafaa ieleweke kwamba mgonjwa asipokula, uvimbe haufi njaa. Huendelea kuchota mahitaji yake mwilini, na misuli ndiyo inayoyeyuka. Aliyedhoofika hivyo hushindwa kuvumilia dawa, na mara nyingine madaktari hulazimika kupunguza kipimo au kuahirisha tiba. Wataalamu wa lishe wa Ulaya hupendekeza zaidi ya gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikiwezekana hadi gramu 1.5. Mwenye kilo 50, basi, ahitaji kati ya gramu 50 na 75, na yai moja lina gramu 6 hivi. Maji ya mboga yatamfikisha wapi?

Saratani ya umio, iliyoenea sana nchini Kenya, huziba njia ya chakula. Mgonjwa kama huyu apikiwe vilaini: uji wa wimbi wenye maziwa na njugu zilizosagwa, samaki aliyepondwa akatiwa tui, kunde zilizosetwa. Apewe kidogo kidogo, mara sita kwa siku, wala asilazimishwe kwa ukali. Akishindwa kumeza, apelekwe hospitalini upesi. Na mitishamba asipewe bila daktari kuarifiwa, kwani baadhi yake hugongana na dawa.

Walimu wenzangu, mwanafunzi tunayemfundisha lishe asubuhi ndiye mara nyingi ampikiaye mama au nyanya yake jioni. Tumweleze ukweli huu waziwazi. Nasi wakubwa tukome kutamka habari za "kuilisha saratani" mbele ya mtu anayehitaji kula ili ayastahimili matibabu yake.