Ringi ya pikapu: Nati sita kuingia si kigezo cha kutosha

MSIMU wa korosho unapofunguliwa Oktoba, pikapu za Malolo, wilayani Ruangwa, hazipati muda wa kupumzika. Mzigo hutoka shambani kwenda kwenye ghala la chama cha msingi, ambako husubiri mnada wa chama kikuu cha RUNALI, kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kabla msimu haujaisha, mvua nazo huwa zimeanza, na njia za mashambani hugeuka tope.

Huo ndio wakati ambapo kosa dogo lililofanyika dukani huanza kudai malipo. Beringi inaanza kulia, usukani unavuta upande mmoja, na tairi la mbele linalika ukingoni. Wenye magari wengi hulaumu barabara, au hudai wameuziwa beringi bandia. Lakini wakati mwingine tatizo ni ringi. Imenunuliwa ikiwa na matundu sita kama ile ya zamani, imeingia bila taabu, na fundi amekaza nati akaondoka. Kilichosahaulika ni kuangalia ofseti.

Ofseti ni nini?

Ofseti ni kipimo kinachoonyesha gurudumu litakaa ndani au nje kiasi gani likishafungwa. Chukua upana wa ringi na upige mstari katikati yake. Kisha tazama uso wa ringi unaogusana na habu, yaani mahali inapofungwa kwa nati. Umbali kati ya mstari huo na uso huo, kwa milimita, ndio ofseti.

Uso huo ukiwa umesogea upande wa nje ya gari, ofseti ni chanya na gurudumu huingia ndani, chini ya bodi. Ukiwa sawasawa na mstari wa katikati, ofseti ni sifuri. Ukiwa umesogea upande wa ndani, ofseti ni hasi na gurudumu hutokeza nje ya madigadi.

Kwenye ringi nyingi kipimo hiki kimegongwa kwa herufi ET, zikifuatiwa na namba. ET30 maana yake ni ofseti chanya ya milimita 30.

Matundu sawa, vipimo tofauti

Hilux nyingi za nati sita zilizotengenezwa tangu mwaka 2005 hutoka kiwandani na ofseti ya 30. Nati zake zimepangwa kwenye duara la milimita 139.7. Ford Ranger ya kizazi kilichoanza mwaka 2011 nayo ina nati sita kwenye duara hilohilo, lakini ofseti yake ni 55. Tundu la katikati pia linatofautiana: la Hilux ni takriban milimita 106, la Ranger ni 93.

Kwa hiyo ringi ya Ranger haikai vizuri kwenye habu ya Hilux, kwa kuwa tundu lake ni dogo. Ringi ya Hilux huingia kwenye Ranger, ila gurudumu hutokeza nje milimita 25 zaidi ya lilivyopangwa, na tundu la katikati halishiki habu. Nissan Navara aina ya D40 ina nati sita pia, lakini duara lake ni milimita 114.3. Kosa hilo huonekana palepale kwa sababu ringi haiingii kabisa. Kosa la ofseti ndilo linalojificha, kwa kuwa ringi huingia na gari huondoka.

Kishawishi kikubwa ni ringi pana za urembo zenye ofseti ya sifuri au hasi. Pikapu hukaa kwa kutanuka na kupendeza macho. Kwa gari la matembezi mjini, mwenyewe anaweza kukubali gharama zake. Kwa gari linalobeba korosho na ufuta, hesabu ni nyingine.

Uzito unaangukia wapi?

Mtu anayebeba ndoo ya maji karibu na mwili hutembea nayo mbali. Akiibeba kwa mkono ulionyooka, bega huchoka baada ya hatua chache, ingawa maji ni yaleyale. Ndivyo ilivyo kwa beringi. Kiwanda hupanga gurudumu ili uzito upite karibu na beringi zinavyotaka. Kila milimita gurudumu linaposogea nje, beringi, stadi na boljoint hupata mzigo mkubwa zaidi, hata kama magunia hayajaongezeka.

Usukani nao huathirika. Gurudumu la mbele likitokeza, kila jiwe au shimo huvuta usukani kwa nguvu zaidi. Tairi hurusha tope na kokoto kwenye bodi, na huweza kugonga ukingo wa madigadi gari linapopakia na kukata kona.

Ofseti chanya kupita kiasi nayo ina madhara yake. Tairi husogea ndani na kuanza kusugua springi au viungo vya usukani, hasa tope likishajaa katikati.

Spesa, yaani kipande cha chuma kinachowekwa kati ya habu na ringi, hakiondoi tatizo hili. Spesa ya milimita 30 kwenye ringi ya ET30 ni sawa na kufunga ringi ya ofseti sifuri.

Hesabu ya msimu

Tuchukue mfano wa pikapu ya tani moja inayobeba magunia 12 ya korosho ya kilo 80, yaani kilo 960, na kufanya safari mbili kwa siku. Beringi ikifa na gari likalala siku tatu likisubiri kipuri kutoka mjini, safari sita zimepotea. Hayo ni magunia 72 ambayo hayakufika ghalani kwa gari hilo. Mwenye gari anapoteza nauli, analipa fundi na kipuri, na mteja anatafuta usafiri mwingine ambao huenda akabaki nao. Nafuu iliyopatikana kwenye ringi ya mtumba inaweza kuishia hapo.

Kabla ya kulipa

Kwanza, soma namba ya ringi iliyotoka na gari, iandike, kisha nenda nayo dukani, iwe Lindi, Masasi au Gerezani, Dar es Salaam. Linganisha ET, duara la nati, tundu la katikati na upana.

Pili, kama namba imefutika, pima mwenyewe. Laza ringi isiyo na tairi, upande wa nje ukiwa chini. Weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa ndani, kisha pima kutoka kwenye ubao hadi uso unaogusa habu. Toa nusu ya upana wote wa ringi, kutoka ukingo hadi ukingo. Ringi yenye upana wote wa milimita 200, ikipimwa 130 kutoka kwenye ubao, ina ofseti ya 30. Ikipimwa 100, ni sifuri. Ikipimwa 80, ni hasi 20.

Tatu, hakikisha nati zinafaa. Nati za ringi ya aloi na za ringi ya chuma mara nyingi hazifanani sehemu inayokalia ringi, na nati isiyokaa vizuri hulegea. Zikaze tena baada ya safari za mwanzo.

Nne, usichanganye ofseti kwenye ekseli moja. Na magurudumu ya nyuma yakitofautiana sana na ya mbele, kwenye tope hayatafuata njia iliyokanyagwa na ya mbele, bali yatajichimbia njia yake, na injini italazimika kuvuta zaidi.

Kwa pikapu ya mzigo, kipimo cha kiwandani ndicho salama. Anayetaka tairi pana zaidi amwone fundi kabla ya kununua, magurudumu yazungushwe kulia na kushoto hadi mwisho, na gari lijaribiwe likiwa limepakia. Kazi hiyo ifanyike mapema, wakati mikorosho ingali na maua, kwani Oktoba ikifika kila siku ya gari kulala gereji ina bei yake.