Pistoni za bei kubwa: Nani ananufaika nazo?

MMILIKI wa Hiace au Corolla iliyochoka, akishafungua injini na kuambiwa kuwa silinda zimeliwa, huwa na njia tatu. Auze gari lilivyo, anunue injini ya mtumba iliyotoka Japani moja kwa moja au iliyopitia Sharjah, ama aitengeneze upya ile ile aliyonayo. Anayechagua njia ya tatu hukutana na swali jingine kwenye kaunta ya duka la vipuri, nalo limekwishawatoa wengi fedha ambazo hazikurudi: achukue pistoni na konrodi za kawaida, au zile "za nguvu" zinazouzwa kwa bei mara kadhaa zaidi?

Swali hilo si la fundi peke yake. Kwa mwenye daladala moja au mbili, ni swali la mtaji. Kwa mwenye duka Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, ni swali la bidhaa ipi ikae rafuni na ipi iletwe kwa oda tu.

Kwanza, tofauti yenyewe. Pistoni ya kawaida hutengenezwa kwa kuyeyusha aluminiamu na kuimimina katika kalibu. Pistoni ya kufua hutokana na kipande cha aluminiamu ambacho hakijayeyuka, kikapashwa moto na kukandamizwa kwa mashine yenye nguvu kubwa hadi kikapata umbo. Ya kufua haina vitundu vya hewa ndani yake, na ikizidiwa hupinda au kuumuka kabla ya kupasuka. Ya kumimina hukatika vipande.

Hapa neno la mtaani linafaa kutazamwa kwa makini. Wauzaji wengi huziita pistoni hizi "foji", na neno hilo hilo ndilo linalotumika kwa noti na stakabadhi za bandia. Mnunuzi asishangae akikuta kwamba maana zote mbili zimekutana katika boksi moja.

Pistoni za kufua nazo si za aina moja. Aloi zinazotumika sana ni mbili. Ile inayoitwa 4032 ina silikoni ya kiasi cha asilimia 12, haitanuki sana ikipata joto, na hustahimili msuguano. Nyingine, 2618, karibu haina silikoni. Ni ngumu kupasuka na ndiyo inayopendwa na watu wa mashindano, lakini hutanuka zaidi, kwa hiyo ni lazima iachiwe nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda. Pistoni ya kumimina katika injini ndogo ya petroli inaweza kuachiwa nafasi ya milimita 0.03 hadi 0.05. Ya 2618 huweza kudai mara mbili ya hiyo au zaidi.

Nafasi hiyo ndiyo inayoleta malalamiko baadaye. Injini ikiwa baridi, pistoni hugonga ukuta wa silinda na mlio wake husikika. Gari linalowashwa alfajiri, kuzimwa kituoni na kuwashwa tena mara nyingi kwa siku, huishi muda mrefu katika hali hiyo. Mifereji ya ringi katika aloi ile laini nayo huchakaa mapema. Mwenye gari aliyelipa zaidi ili injini idumu anaweza kujikuta anafungua tena kabla ya jirani yake aliyenunua za kawaida.

Mzigo uko wapi?

Wauzaji husema kwamba konrodi ya kufua ni imara kuliko ile ya kiwandani. Jambo ambalo halisemwi sana ni kuwa konrodi za kiwandani za injini nyingi za zamani za Kijapani tayari ni za chuma kilichofuliwa. Anayenunua mpya zenye umbo la herufi H, kwa chuma cha daraja la 4340, hanunui kitu ambacho hakuwa nacho kabisa. Ananunua akiba ya nguvu juu ya ile iliyokuwapo.

Je, akiba hiyo inahitajika? Konrodi huumizwa zaidi na mwendo wa injini kuliko na uzito wa abiria. Mvutano unaoipata pistoni inapofika juu na kugeuzwa kurudi chini huongezeka kwa mraba wa mizunguko. Injini ikitoka mizunguko 4,000 kwa dakika hadi 5,000, mizunguko imeongezeka kwa robo tu, lakini mvutano umeongezeka kwa asilimia 56.

Tuchukue dizeli ya Toyota 3L, iliyofungwa katika Hiace na Hilux nyingi. Ina sentimita za ujazo 2,779, na kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni vyote ni milimita 96. Kwa mizunguko 4,000, wastani wa kasi ya pistoni ni mita 12.8 kwa sekunde. Hiyo si kasi ya kukata konrodi nzima. Injini ya aina hii hufa kwa joto, kwa oili iliyochelewa kubadilishwa, na kwa vumbi lililopita kwenye chujio bovu. Hakuna aloi inayotibu radieta iliyoziba.

Katika dizeli, uboreshaji wa maana uko mahali pengine. Pistoni nzuri ya dizeli, hata kama ni ya kumimina, huwa na pete ya chuma maalumu iliyoshikanishwa ndani ya aluminiamu pale unapokaa mfereji wa ringi ya kwanza, ambapo joto na mgongano ni vikali. Ukanda huo huonekana kwa macho, rangi yake ikiwa tofauti na sehemu nyingine. Pistoni ya bei poa isiyo nayo, au ambayo pete yake haikushikana vizuri, hupanuka mfereji, ringi ikacheza, na moshi ukarudi. Mwenye shilingi za ziada azitie hapo kabla ya kufikiria za mashindano.

Hesabu ya daladala

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba gari humwachia mwenyewe shilingi 50,000 kwa siku baada ya mafuta na posho. Tuseme pia kuwa pistoni na konrodi za kufua zinazidi za kawaida kwa shilingi 3,000,000, na kwamba zinasubiriwa siku kumi zaidi kwa sababu zinaagizwa nje. Siku hizo kumi ni shilingi 500,000 zilizopotea. Jumla ni 3,500,000, sawa na mapato ya siku 70. Nauli haipandi kwa sababu ya aina ya pistoni, wala abiria hawaongezeki. Ili fedha hizo zirudi, injini ingepaswa kudumu zaidi kwa kiasi kinachoonekana, na kwa gari lisiloongezwa nguvu hakuna sababu ya kiufundi ya kulitarajia hilo.

Kwa sehemu ndogo ya tofauti hiyo, mwenye gari anaweza kupimiwa konrodi zake kama zimepinda, kuchongewa upya tundu kubwa linaloshika kranki, kununua bolti mpya za konrodi, na kupimiwa pistoni zote nne kwenye mizani ili zisiachane kwa zaidi ya gramu chache. Bolti hasa zisidharauliwe. Mafundi wengi hurudisha zile za zamani kwa kuwa hazionekani kuwa na kasoro, ilhali bolti iliyokwishavutika ndiyo huachia na kulipasua bloku.

Aidha, silinda isichongwe kabla pistoni hazijafika mkononi. Maandishi ya 0.50 juu ya boksi hayatoshi. Kila pistoni ipimwe kwa maikromita mahali alipoelekeza mtengenezaji, kisha silinda ichongwe kuifuata hiyo. Wapo pia wanaoambiwa kuwa ovasaizi kubwa huongeza nguvu. Pistoni ya milimita 97 katika 3L huongeza ujazo kwa sentimita 58 hivi, yaani asilimia mbili tu, na huliacha bloku likiwa limefika mwisho wa kuchongwa. Safari ijayo ni slivu.

Wateja halisi wa pistoni za kufua wapo. Yupo aliyefunga turbo katika injini ya petroli ambayo haikuwa nayo. Wapo wanaoandaa magari ya zamani kwa mbio kama East African Safari Classic, iliyoanza mwaka 2003, ambako Datsun na Ford Escort za miaka ya 1970 bado zinakimbizwa. Na yupo mwenye injini ambayo pistoni zake za kawaida hazitengenezwi tena. Huyu wa mwisho anaweza kukuta kwamba seti ya kufua iliyotengenezwa kwa oda, hata kwa kipimo kisicho cha kawaida cha kuokoa bloku, ndiyo njia rahisi kuliko zote zilizobaki.

Mfanyabiashara asiwakatae wateja hawa, ila asiwawekee bidhaa rafuni. Seti moja iliyonunuliwa kwa dola, ya injini moja na ovasaizi moja, inaweza kulala mwaka mzima. Achukue oda kwa malipo ya awali yanayofunika gharama ya kuagiza, na akubaliane na mteja kwa maandishi kwamba oda haitarudishwa. Fedha za rafuni ziende kwenye seti za kumimina za watengenezaji wanaojulikana, katika ovasaizi zote za injini zilizojaa mjini.

Oda yenyewe inataka namba ya injini, si jina la gari. Toyota 4A-GE ni mfano mzuri: konrodi za matoleo ya mwanzo zilitengenezwa kwa shingo ya kranki ya milimita 40, za baadaye 42. Anayeagiza "konrodi za 4A-GE" bila kupima anacheza bahati nasibu, na mzigo ukishatoka ng'ambo gharama ya kuurudisha ni yake.

Kuhusu bandia, hasara humfika muuzaji pia. Tanzania ina Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na Kenya ina mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia chini ya sheria ya mwaka 2008. Mzigo wa bandia ukikamatwa, mtaji umekwenda, hata kama mwenye duka naye alidanganywa na aliyemuuzia kwa jumla.

Kwa hiyo risiti iandikwe jina la mtengenezaji, namba ya kipuri, ovasaizi na idadi, na mnunuzi apewe nafasi ya kupima pistoni palepale dukani kabla mafuta ya kiwandani hayajafutwa. Risiti inayosema "pistoni seti 1" humwacha mnunuzi bila dai lolote siku fundi anapoiweka ya nne kwenye mizani na kukuta ni nzito kuliko wenzake.