Chama Tawala Kikiyumba, Kiitishe Uchaguzi wa Mapema?

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea uchaguzi wenye mwaka wake. Kwa Wakenya, Katiba imetaja hata siku: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Ufaransa si hivyo. Kifungu cha 12 cha Katiba yao kinamruhusu Rais kulivunja Bunge la Taifa na kurudi kwa wapigakura. Je, chama kilichopoteza mvuto kiutumie mlango huo?

Jacques Chirac aliutumia Aprili 1997. Cha ajabu, hakupungukiwa wabunge: upande wake ulikuwa na viti zaidi ya 450 kati ya 577, na muhula ulibakiza kama mwaka mmoja tu. Ila serikali ya Alain Juppé ilikuwa imewachosha watu, na masharti ya kuingia katika sarafu ya yuro yalidai kubana matumizi zaidi. Heri kura zipigwe kabla machungu hayajazidi! Wananchi waliing'amua hesabu hiyo. Mrengo wa kushoto ulishinda, na Chirac akalazimika kuongoza pamoja na Waziri Mkuu kutoka upinzani, Lionel Jospin, kwa miaka 5.

Emmanuel Macron alirudia 9 Juni 2024, jioni ileile orodha yake iliposhindwa vibaya katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Likapatikana Bunge la kambi tatu, hakuna hata moja iliyofikisha viti 289 vinavyohitajika kuwa na wingi. Waziri Mkuu Michel Barnier, aliyeteuliwa Septemba, aliangushwa na wabunge 4 Desemba. Na Kifungu kilekile kinakataza kulivunja Bunge tena kabla ya mwaka kupita.

Wapo wanaosema kung'ang'ania madaraka bila imani ya watu nako ni kuwakosea. Ni kweli. Lakini falsafa inatufundisha kuuliza kitendo kinalenga nini, na Aristotle alitenganisha tawala zinazotafuta manufaa ya wote na zile za kujinufaisha watawala. Kwa maoni yetu, uchaguzi wa mapema unafaa pale Bunge lenyewe linapokwama. Ujerumani, muungano wa Olaf Scholz ulivunjika Novemba 2024. Desemba akashindwa kura ya imani, na Februari 2025 chama chake kikaambulia asilimia 16 hivi. Kiliadhibiwa, ila kufikia Mei nchi ilikuwa na serikali yenye wingi bungeni.