Majibu ya damu ya mutoto isilale mu kabati

Mwenzetu mumoja wa poste ya usiku alipata mutoto mwanaume hapa Lubumbashi. Ku materniti walichoma mutoto kisigino, wakatosha matone ya damu, wakaambia mama: «Tutawaita.» Hakuna mutu aliwaita. Ku miezi saba, mikono na miguu ya mutoto ikavimba, homa ikapanda. Njo pale wakafungua kabati: karatasi ilikuwa mule, imeandikwa SS.

Mutoto alipona. Lakini baba aliniuliza: «Delege, hii karatasi ilikuwa inangojea nani?»

SS, ao drepanositozi, ni ugonjwa ya damu yenye mutu anazaliwa nayo. Mu inchi yetu, kwa watoto 100 wanaozaliwa, mumoja ao wawili wanakuwa nayo. Miezi ya kwanza haionekane. Njo maana wanapima mapema. Lakini kipimo yenye haifike kwa wazazi haisaidie mutoto.

Nani anapaswa kuleta habari? Ni muuguzi ao munganga wa santre ya afya ya kartiye, mwenye anajua nyumba yetu na luga yetu. Anaona mutoto ku juma ya 6, siku ya chanjo. Siku ile majibu ikuwe mu mukono yake, kwa sababu ku miezi 2 mutoto wa SS anapaswa kuanza penisilini, asubui na mangaribi, mupaka miaka 5. Tena apate chanjo ya pneumokoke, alale mu musikitere, na mama afundishwe kupapasa bandama, upande wa kushoto wa tumbo. Homa ikipanda, ni kukimbia ku lopitali siku ileile.

Na namna ya kusema ni ya maana. Mulango ufungwe, baba na mama wakae pamoja. Muuguzi aseme kwanza kama kipimo ya pili inahitajiwa ili kuhakikisha. Aseme kama AS haiko ugonjwa. Wazazi wengi wanarudia nyumbani na kilio juu ya AS, bure. Aseme kama SS inatoka kwa wazazi wote wawili: baba anatoa S moja, mama S moja. Wakiwa wote AS, kila mimba iko na bahati moja ku ine ya kuzaa mutoto wa SS. Haiko ulozi, haiko kosa ya jamaa ya bibi. Nimeona ndoa ikivunjika kwa sababu mama alibeba karatasi peke yake, bwana akiwa ku shimo.

Kwa hiyo, wababa, muende. Wadelege wenzangu, tuombe shefu wa poste amuachilie baba siku ile. Sheria ya kazi ya 2002 inalazimisha mutumikishaji atoe matunzo kwa mufanyakazi na jamaa yake. Mutoto wa SS iko ndani. Lakini karatasi ni siri ya nyumba, haiko ya biro.

Na ninyi wa santre, muandike namba mbili za telefone na jina ya avenyu. Wamama, juma ya 6 ikifika na hakuna mutu amesema kitu, musiogope kuuliza: «Majibu ya kisigino ya mutoto wangu iko wapi?»