Moshi si mvuke: Neno lilivyozua hofu usiku wa baridi

Majuzi asubuhi, mpwa wangu anayeishi Minnesota, Marekani, alinipigia simu. Kwao ulikuwa bado usiku. "Mjomba, mashine ya kupasha nyumba joto inafuka moshi huko nje! Nimeizima, na sasa watoto wanatetemeka."

Nilimuuliza iwapo kulikuwa na harufu ya kuungua. Hakuna. Feni ya nje je? Ilikuwa imesimama, na wingu lile jeupe lilitoweka baada ya muda mfupi. Basi nikamwambia: huo si moshi, ni mvuke. Moshi huzaliwa na moto. Mvuke huzaliwa na maji.

Mashine yenyewe ni pampu ya joto. Hufanya kazi kama friji: friji hutoa joto kwenye chakula na kulitupa nyuma yake, nayo pampu hutoa joto nje na kulileta sebuleni. Utauliza, joto gani katika baridi ile? Hapa ndipo mazoea ya lugha hutuponza. Tumezoea kuona joto na baridi kama mahasimu wasioketi pamoja. Ndiyo maana tunahitaji neno halijoto, yaani kipimo chenyewe. Hewa yenye halijoto ya nyuzi 0 bado ina joto, na gesi iliyo baridi zaidi ndani ya mabomba inaweza kulichukua.

Lakini mabomba hayo yakiwa baridi kuliko hewa, unyevu huganda juu yake. Wengi wataita hiyo theluji. La hasha! Theluji huanguka kutoka mawinguni. Barafu ni maji yaliyoganda. Utando mweupe unaojijenga juu ya kitu baridi ni sakitu, ile ile inayochoma majani chai kule Kericho. Sakitu ikizidi, hewa haipiti na mashine hushindwa kuvuta joto.

Kwa hiyo kuna kihisi kilichobanwa kwenye bomba la nje. Ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri halijoto inavyobadilika. Bomba likipoa kupita kiasi, mtambo hugeuza mkondo: gesi ya moto hupelekwa nje, feni husimama, sakitu huyeyuka na mvuke hupaa. Aghalabu shughuli hiyo huchukua dakika chache tu. Kihisi kikiarifu kuwa bomba limepata joto la kutosha, mambo hurejea kama awali. Kihisi kikilegea, hutoa habari za uongo. Mashine ikayeyusha sakitu isiyokuwepo, au ikaiacha ijilimbikize.

Ajabu ni kwamba usumbufu huu huzidi halijoto inapokaribia nyuzi 0, si kwenye baridi kali mno, kwani hewa baridi sana hubeba unyevu haba.

Mpwa wangu aliiwasha tena, watoto wakalala. Watu wetu wengi sasa wanaishi kwenye nchi za baridi. Tukiwapa maneno halisi, tutakuwa tumewapunguzia hofu.