Swichi Zinazotii Mwanga (Sehemu ya 2): Njia ya Kufika Sokoni

Wiki iliyopita tuliona jinsi kazi ya kuukata na kuuruhusu umeme wa maelfu ya volti inavyowatoa jasho wahandisi. Leo tuichambue swichi inayopokea amri kwa mwanga.

Msingi wake uliwekwa mwaka 1975, David Auston wa Bell Labs, Marekani, alipomulika silikoni kwa mpigo mfupi wa leza. Mwanga uliachia elektroni huru, na kipande kilichokuwa kikizuia umeme kikaupitisha ndani ya pikosekunde, yaani sehemu za trilioni za sekunde. Tena, amri ikipita katika uzi wa kioo, volti kubwa haina njia ya kurudi kwenye mitambo ya kuongozea.

Thairista za mwanga, yaani swichi za silikoni zinazowashwa kwa mwanga, zilishaingia kazini: njia ya umeme ya Moyle, inayounganisha Scotland na Ireland ya Kaskazini, ilianza kuzitumia mwaka 2001. Ila mwanga huziwasha tu. Kuzimika, husubiri mkondo ufike sifuri.

Swichi za galiamu asenaidi hutosheka na mwanga kidogo, kwani chini ya volti kubwa hujiendeleza zenyewe. Tatizo ni kwamba mkondo hujikusanya katika vijia vyembamba vinavyoziunguza. Silikoni kabaidi hustahimili uga wa umeme takriban mara 10 zaidi ya silikoni, na mkondo wake hufuata mwanga: leza ikizimwa, umeme hukatika. Maabara ya Lawrence Livermore iliiendeleza njia hii, na kampuni ya Opcondys ya California ikaibeba kuelekea sokoni. Sasa gharama imehamia kwenye leza, maana lazima imulike muda wote mkondo unapopita.

Hata hivyo, mtihani mkubwa ni uhai wa swichi. Katika gridi ya hezi 50, swichi inayofanya kazi mara moja kila mzunguko huwashwa zaidi ya mara bilioni 1.5 kwa mwaka. Iliyofaulu mara milioni moja maabarani imemaliza kazi ya saa zisizofika 6 tu.

Jambo hili linatuhusu. Njia ya kilovolti 500 kutoka Ethiopia hadi Suswa, Kenya, tayari inategemea vituo vya kugeuza umeme, ambavyo kazi yake hufanywa na swichi za volti kubwa. Wahandisi wetu wanapoletewa swichi mpya, kabla ya kasi na bei, wadai rekodi ya idadi ya mizunguko ambayo swichi hiyo imeistahimili ikiwa na mzigo kamili.

Wiki ijayo: leza na gharama zake.