Chemsha Maziwa Kwanza: Kifua Kikuu cha Ng'ombe na Mlaji wa Mjini

Jina la Kawe liliambatana kwa muda mrefu na nyama ya ng'ombe, kwa sababu ya kiwanda cha Tanganyika Packers. Leo wakazi wengi wa Kawe na vitongoji vya Kinondoni na Temeke hukutana na ng'ombe kwa njia ya maziwa yanayoletwa mlangoni, mabichi, kutoka kwa mfugaji wa jirani. Maziwa hayo ni lishe bora, ila yasinywewe kabla ya kuchemshwa.

Ugonjwa wenyewe

Kifua kikuu cha ng'ombe husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium bovis, ndugu wa karibu wa yule anayeleta kifua kikuu cha kawaida kwa binadamu. Ng'ombe huambukizana kwa pumzi, hasa katika banda lisilopitisha hewa. Binadamu huambukizwa zaidi kwa kunywa maziwa mabichi. Kwa mtoto, ugonjwa huweza kujitokeza kama uvimbe wa tezi za shingo au maumivu ya tumbo, bila kikohozi chochote.

Kwa nini macho hayatoshi

Ng'ombe mgonjwa aweza kukaa muda mrefu akiwa na afya ya kuonekana na akitoa maziwa mengi. Laktomita ya muuzaji huonyesha kama maziwa yametiwa maji, haionyeshi bakteria. Jokofu halimwui bakteria huyu, na mtindi wa maziwa mabichi hauna uhakika wa usalama.

Udhibiti unavyofanyika

Zizini, daktari wa mifugo humdunga ng'ombe dawa ya kupimia ndani ya ngozi, kisha hurudi baada ya saa 72 kupima uvimbe. Anayebainika kuwa na ugonjwa huondolewa kundini. Machinjioni, mkaguzi huchunguza mapafu na tezi kabla ya kugonga muhuri.

Wanyamapori huifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi. Huko Uingereza ugonjwa huu umejikita pia kwa baja, mnyama wa jamii moja na nyegere. Nchini Tanzania bakteria huyo amepatikana kwa nyumbu na nyamera. Kwa hiyo, hata pale upimaji unapofanyika vizuri, sufuria ya mlaji hubaki kuwa kinga ya mwisho.

Mlaji afanye nini

1. Achemshe maziwa hadi yatokote, huku akiyakoroga, hata kama muuzaji anasema ng'ombe wake ni wazima.
2. Ayahifadhi katika chombo safi chenye kifuniko, si katika chombo kilichobeba maziwa mabichi.
3. Akitaka mtindi, achemshe maziwa kwanza, ayapoze, ndipo ayagandishe.
4. Anunue nyama yenye muhuri wa mkaguzi na aipike mpaka iive.
5. Amwulize mfugaji ni lini ng'ombe wake walipimwa. Swali la mnunuzi humhimiza mfugaji kumwita daktari.

Ukiwa mgonjwa

Mwenye kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, kupungua uzito au uvimbe wa tezi aende kituo cha afya, na aeleze kama hunywa maziwa mabichi au hufuga ng'ombe. Maelezo hayo ni muhimu, kwa kuwa bakteria huyu hadhuriwi na pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za kawaida za kifua kikuu. Ugonjwa hutibika, na matibabu katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo.